Cheti Kimoja, Elimu Mbili

Kila dirisha la udahili wa masomo ya uzamili linapofunguliwa, hupokea swali moja kutoka kwa vijana niliowafundisha shahada ya kwanza, na siku hizi kutoka kwa watumishi wa umma ambao sikuwahi kuwafundisha kabisa. Swali lenyewe ni hili: “Mwalimu, programu ya uzamili ya fedha ninayoitaka inatolewa Dar es Salaam na inatolewa pia Dodoma. Chuo ni kimoja, mtaala ni mmoja. Nichague kampasi ipi?” Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja. Zaidi ya hapo, nimechoshwa na jibu ambalo waulizaji huwa wamekwisha kupewa kabla hawajanifikia. Hulitoa maofisa wa udahili, huandikwa kwenye mabango ya barabarani, na hulitoa hata wahadhiri wenzangu wanaopaswa kujua zaidi: “Popote pale ni sawa, cheti ni kile kile.”

Nasema mapema, bila kumung’unya maneno: jibu hilo ni kweli kisheria na ni uongo kielimu. Sheria inatambua tuzo ya chuo, haitambui jengo ulilosomea. Mwajiri atakayepokea cheti chako hataona popote kwamba ulikaa darasani Dodoma au Dar es Salaam. Lakini cheti ni dai tu kwamba umepata elimu fulani. Elimu yenyewe hupatikana mahali, kwa saa, mbele ya watu. Mahali, saa na watu hao wakitofautiana, elimu nayo hutofautiana, hata kama wino na mhuri ni vile vile. Mwanafunzi anayeambiwa vinginevyo anadanganywa, na wengi wa ninaowafahamu wanadanganywa kwa gharama yao wenyewe, maana hujilipia ada kwa mshahara au kwa mkopo wa benki.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilianzishwa kwa sheria mwaka 1972 kikiwa Dar es Salaam. Leo kinafundisha hadi Mwanza na Dodoma. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanza mwaka 1965, kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Chuo cha Uhasibu Arusha kilianzia Njiro, nacho sasa kimefika Dar es Salaam, Dodoma, Babati na Songea. Mzumbe, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, kina makao yake mkoani Morogoro na kampasi Mbeya na Dar es Salaam. Navitaja vyuo hivi kuonesha jinsi ramani ilivyobadilika, wala sivinyooshei kidole. Ninayoyasema hapa yanahusu mtindo ulioenea, na msomaji aliyeuishi mtindo huo atautambua bila kutajiwa jina la chuo.

Nguvu mbili zimesukuma upanuzi huu. Ya kwanza ni serikali yenyewe. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulilala kwa zaidi ya miaka arobaini hadi ulipoamshwa mwaka 2016, na mwaka 2018 sheria ikaitambua rasmi Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Wizara zilipohama, watumishi walihama, na madarasa yakawafuata watumishi. Hilo ni jambo la haki kabisa. Nguvu ya pili haisemwi hadharani: mwanafunzi wa uzamili analipa, na analipa mwenyewe. Chuo chenye ruzuku finyu kikitafuta pesa ya kulipia umeme na posho, njia nyepesi kuliko zote ni kufungua darasa jipya la jioni mahali penye watu wenye mishahara. Darasa la fedha halidai maabara wala hospitali ya kufundishia. Hudai ukumbi, viti, projekta na mhadhiri. Na katika orodha hiyo, kinachopunguzwa kwa urahisi zaidi bila mtu kupiga kelele ni mhadhiri.

Wazee walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nataka kuonesha maji yanapotiwa.

Mfumo wetu wa tuzo za elimu ya juu unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na shahada ya uzamili si chini ya krediti 180. Zidisha mwenyewe: saa 1,800. Ndani yake mna saa za darasani, za kusoma peke yako, za majadiliano, za mazoezi na za kuandika tasnifu. Mtu akimaliza kwa miezi kumi na minane, sawa na majuma 78 hivi, anatakiwa kutoa saa 23 kila juma bila kukosa. Huyu ni mtu aliyeajiriwa, mwenye familia, mwenye misiba ya kuhudhuria na harusi za kuchangia. Kwa hiyo swali la kampasi, likiulizwa vizuri, ni swali la saa hizo 1,800: ni kampasi ipi itakayokuwezesha kuzipata kwa ukamilifu, na ni ipi itakayokuibia?

Mwizi wa kwanza ni ratiba. Katika kampasi yenye wahadhiri wakaazi, moduli moja hufundishwa saa tatu kwa juma kwa majuma kumi na matano, jumla saa 45. Katika kampasi isiyo na mhadhiri wa somo hilo, mtu huletwa kutoka mji mwingine. Anafika Ijumaa usiku, anafundisha saa sita Jumamosi na saa sita Jumapili, anaondoka. Akija mara tatu, moduli imekwisha kwa saa 36. Kwenye makaratasi tofauti ni saa tisa tu, na mkaguzi wa ubora akipitia daftari la mahudhurio hataona kashfa yoyote. Lakini chukua mfano mdogo kabisa wa somo letu. Hatifungani ya miaka miwili yenye thamani ya shilingi 1,000,000 inalipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, wakati soko sasa linadai asilimia 12. Itauzwa kwa bei gani? Unagawa shilingi 100,000 kwa 1.12, unagawa shilingi 1,100,000 kwa 1.2544, unajumlisha, unapata takribani shilingi 966,199. Kanuni hiyo hufundishwa kwa dakika kumi. Kuelewa kwa nini bei ilishuka, kwa nini hatifungani ya miaka ishirini ingeshuka zaidi, na maana yake ni nini kwa benki iliyojaza mizania yake kwa hatifungani hizo, ni kazi ya majuma. Mwanafunzi hupata jibu lisilo sahihi Jumatatu, huuliza Jumatano, hubishana na mwenzake Ijumaa, na juma linalofuata huelewa. Ukimpa saa kumi na mbili kwa siku mbili atanakili slaidi na kwenda nazo kwenye mtihani. Saa zinakaribiana, lakini nafasi ya kukosea na kusahihishwa imetoweka. Ndiyo maana nasema mtaala mmoja hauwezi kuwa elimu moja mpaka ratiba nayo iwe moja.

Mwizi wa pili ni usimamizi wa tasnifu, na huyu ndiye anayevunja watu. Namfahamu mtumishi wa halmashauri aliyemaliza masomo yake yote ya darasani kwa wakati, na alama zake zilikuwa nzuri. Kampasi aliyosomea haikuwa na mtu wa kusimamia utafiti wake kuhusu makusanyo ya ndani ya halmashauri. Akapangiwa msimamizi wa kampasi nyingine, umbali wa kilomita 450 hivi. Barua pepe hazikujibiwa kwa miezi. Alipopanda basi kumfuata, alikuta ofisi imefungwa, kwa kuwa msimamizi mwenyewe alikuwa amesafiri kufundisha wikendi katika kampasi ya tatu. Mwaka wa tatu ukaingia, chuo kikamtoza ada ya kuendelea kuwa mwanafunzi. Mwaka wa nne akaacha. Mkopo wa benki haukuacha. Uliendelea kukatwa kwenye mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya shahada asiyonayo. Mwambie mtu huyu kwamba cheti ni kile kile. Yeye hana cheti chochote.

Sitaki kusikia kwamba hilo ni tukio la mtu mmoja. Kama ni la mmoja, vyuo vichapishe takwimu tuone. Nitarudi kwenye hoja hiyo.

Kwanza niwageukie waombaji wenyewe, kwa sababu nao wana imani zao potofu. Ipo imani ya Dar es Salaam. Husemwa kwamba mtu anayesoma fedha lazima awe Dar kwa kuwa soko la hisa liko Dar na benki kubwa zina makao yake Dar. Ni kweli viko huko. Lakini Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, si sokoni Kariakoo, ambapo anayefika alfajiri hupata nyanya bora. Maagizo ya kununua na kuuza hupita kwenye mfumo wa kompyuta, na mwekezaji aliyeko Kibaigwa anaweza kununua hisa kwa simu yake kupitia Hisa Kiganjani. Hesabu za benki za kila robo mwaka huchapishwa hadharani. Tangu Januari 2024, Benki Kuu ilipoanza kutumia riba yake kuwa nyenzo kuu ya sera ya fedha, ikianzia asilimia 5.5, tangazo la Kamati ya Sera ya Fedha humfikia mwenye intaneti dakika ile ile, awe Masaki au awe Kondoa. Ujirani na soko humfaa mwanafunzi pale tu chuo kinapoutumia: kikiwaleta madalali wa hisa darasani, kikiwapeleka wanafunzi kwenye vyumba vya hazina vya benki, kikiwaalika wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji kuja kubishana nao. Kampasi ya Dar isiyofanya hayo haina tofauti na kampasi iliyoko porini, isipokuwa ina foleni.

Na foleni nazo tuzihesabu, maana mwombaji hazihesabu. Mtu anayetoka kazini Posta kwenda darasa la jioni upande mwingine wa jiji, kisha akarudi nyumbani Mbagala au Kimara, akipoteza saa moja na nusu tu zaidi kila siku ya darasa, kwa siku nne za juma na majuma kumi na matano, amepoteza saa 90 katika muhula. Mihula miwili ni saa 180. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya shahada nzima, imeliwa na barabara. Anayejua Dar atasema nimekadiria kwa huruma.

Ipo pia imani ya Dodoma, na hii imewakamata watumishi wa umma. Wao husema: “Nipo hapa, ofisi iko hapa, nitasoma hapa, nitapandishwa daraja.” Ukaribu na ofisi ni sababu nzuri ya kuchagua, ila peke yake haitoshi. Dodoma ina hazina ya mafunzo ya fedha za umma ambayo Dar imeipoteza. Wizara ya Fedha ipo. TAMISEMI, yenye kubeba bajeti za halmashauri zote, ipo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, na Bunge la bajeti hukaa hapo kuanzia Aprili hadi Juni. Mwanafunzi wa uzamili wa fedha aliyeko Dodoma anaweza kusoma ripoti ya ukaguzi asubuhi, akakaa jukwaa la wageni bungeni alasiri akisikiliza ikijadiliwa, na jioni akaichambua na mhadhiri wake. Ni fursa ambayo mwenzake wa Dar hanayo. Sasa ninawauliza wanaosoma Dodoma: ni mara ngapi darasa lenu limefanya hivyo? Kama mnafundishwa fedha za umma kwa mifano ya kitabu cha Marekani, huku Bunge likijadili deni la taifa kilomita chache kutoka mlipo, basi mnakaa Dodoma kimwili tu.

Kwa hiyo mabishano ya Dar dhidi ya Dodoma, kama yanavyofanywa kwenye makundi ya WhatsApp ya waombaji, ni mabishano ya majina ya miji. Jiji halifundishi. Hufundisha walimu, na jiji huwasaidia au huwakwamisha.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwanza kwamba nawanyima watu wa mikoani elimu, kwamba mama wa watoto watatu aliyehamishiwa Dodoma hawezi kuacha kazi akasome kwingine. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo hasa inayonikasirisha. Mama huyo ndiye anayestahili kampasi iliyokamilika kuliko mtu yeyote, kwa sababu hana njia nyingine. Kumpa darasa lisilo na mhadhiri mkaazi, kisha kujisifu kwamba tumemsogezea elimu, ni sawa na kujenga zahanati isiyo na mganga na kukata utepe mbele ya kamera. Sisemi kampasi zifungwe. Nasema zikamilishwe, na zisipokamilika waombaji waambiwe ukweli.

Nitaambiwa pili kwamba mwanafunzi wa uzamili ni mtu mzima, anajua anachonunua. Hajui, na hawezi kujua, kwa sababu tumemficha. Pakiti ya unga wa mahindi dukani ina alama ya ubora, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi. Programu ya uzamili yenye ada ya mamilioni haina hata mstari mmoja unaosema kampasi hii ina wahadhiri wangapi wa kudumu wa fedha. Kipeperushi kina picha ya jengo la makao makuu, hata kama darasa lako litakuwa ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Nitaambiwa tatu kwamba mtahini wa nje husawazisha yote. Mtahini wa nje husoma karatasi za mitihani. Haoni maswali ambayo hayakuulizwa darasani, wala hamwoni mwanafunzi aliyeacha kabla ya kuwasilisha tasnifu.

Wanaosema kwamba chuo kimoja chenye makao mengi hakiwezi kuwa na haki kwa wote, nao nawakumbusha historia yetu. Mwezi Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi wa kwanza wa sheria, ambao hawakufika hata ishirini, walisomea shahada ya London wakiwa Dar. Swali la cheti kimoja na mahali pawili si geni kwetu. Miaka miwili baadaye kikazaliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kikiwa na makao matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Waasisi wake hawakujifanya kwamba makao hayo matatu ni nakala moja. Udaktari wa binadamu ulikuwa Makerere, uhandisi ulikuwa Nairobi, sheria ilikuwa Dar es Salaam. Kijana wa Kenya aliyetaka sheria alikuja Dar, na Mtanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Mgawanyo huo ulikuwa na ugomvi wake, na siasa za nchi tatu hatimaye ziliuvunja. Lakini ulikuwa na uaminifu ambao sisi tumeupoteza: kila aliyechagua alijua anakwenda wapi, na anakwenda kwa ajili gani.

Hata leo mfano upo nje. Shule ya biashara ya INSEAD ilianzia Fontainebleau nchini Ufaransa, ikafungua kampasi Singapore mwaka 2000, na mwanafunzi wake wa uzamili wa biashara anaruhusiwa kuanza kampasi moja na kuhamia nyingine ndani ya programu ile ile. Sisi tunaiga nini? Tumechukua neno kampasi, tukaacha mlango ulio katikati ya kampasi na kampasi. Kwetu aliyesajiliwa Dodoma akitaka kusoma moduli moja Dar huandikiwa barua kana kwamba anaomba uraia. Hayo tunayafanya wakati treni ya umeme, tangu mwaka 2024, inaunganisha Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma kwa saa chache.

Basi madai yangu ni haya, na nawaomba wanaharakati wa elimu wayabebe, kwa kuwa mhadhiri mmoja akiandika husomwa na kusahauliwa.

La kwanza: Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na Baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na taaluma, NACTVET, vitoe ithibati ya programu kwa kila kampasi kwa kuhesabu wahadhiri wa kudumu waliopo kwenye kampasi hiyo. Mhadhiri mmoja asihesabiwe kampasi tatu. Mtu ana mwili mmoja.

La pili: kila chuo kichapishe kila mwaka, kwa kila kampasi, mambo matatu: waliodahiliwa ni wangapi, waliohitimu ndani ya muda ni wangapi, na waliokwama kwenye tasnifu ni wangapi. Takwimu hizi vyuo vinazo. Ni mali ya umma katika vyuo vya umma.

La tatu: tuache kurudufu. Kampasi ya Dodoma ibobee waziwazi katika fedha za umma, bajeti na ukaguzi. Kampasi ya Dar ibobee katika masoko ya mitaji, benki na bima. Masomo ya msingi yafundishwe kote, na mwanafunzi aruhusiwe kuhama muhula mmoja bila kunyanyaswa. Hapo swali la “nichague ipi” litakuwa na jibu la kitaaluma.

Mpaka hayo yatimie, mwombaji hawezi kusubiri, naye namjibu sasa. Usianze na jiji. Anza na tasnifu yako, hata kama ni wazo la mistari mitatu. Uliza chuo: katika kampasi hii, nani atanisimamia? Taka jina. Ukiambiwa “utapangiwa,” andika pembeni kwamba hayupo. Uliza moduli za msingi zitafundishwa kwa juma au kwa wikendi, na uombe ratiba ya muhula uliopita, si ya muhula ujao, kwa sababu ratiba ijayo ni ahadi na iliyopita ni ushahidi. Watafute wanafunzi wa mwaka wa pili, uwaulize wangapi walianza nao na wangapi wamebaki. Nenda kampasini siku ya Jumanne alasiri, bila miadi, upite kwenye mlango wa ofisi za wahadhiri. Siku ya maonesho kila mlango huwa wazi. Jumanne ndiyo itakayokuambia nani anaishi hapo. Ingia maktaba uone kama vitabu na hifadhidata za majarida zinazotajwa kwenye mtaala zinapatikana hapo ulipo. Kisha hesabu saa zako za barabarani kwa kalamu.

Ukimaliza, weka majibu ya kampasi mbili kando kwa kando. Kampasi yenye msimamizi wako ni bora kuliko yenye jina la jiji kubwa. Kampasi ndogo yenye wahadhiri watatu wakaazi ni bora kuliko kubwa yenye kumi wanaopita. Kampasi iliyo karibu na kazi yako ni bora kuliko ya mbali, ikiwa tu masharti mawili ya kwanza yametimia. Na kama hakuna kampasi iliyojibu maswali yako, usilipe ada mwaka huu. Kuchelewa mwaka mmoja kunauma, lakini hakukatwi kwenye mshahara kwa miaka minne.

Kwa wenzangu wahadhiri nina neno moja. Sisi ndio tunaopanda basi la Ijumaa, na sisi ndio tunaojua ni slaidi ngapi tuliruka Jumapili mchana ili kuwahi safari ya kurudi. Ofisa udahili akisema cheti ni kile kile, anaweza kuwa hajui. Sisi tukilirudia neno hilo, tunajua.